Usalama wa watoto kwenye klabu ya kuogelea Lamu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Klabu nyingi za kuogelea za watoto hukwama pahali pamoja. Makocha wanayajua maji tangu utotoni na watoto ni hodari, lakini ukiuliza ghafla, "Nani anaangalia maji sasa hivi?" watu wazima watatu wanatazamana. Mmoja anamrekebisha mtoto mkono, mwingine anapiga picha, wa tatu yuko kwenye simu. Kila mmoja aliamini mwenzake anaangalia.

Nje ya maji mambo ni hayo hayo. Yule msichana ameondoka na nani? Mtoto akiguswa vibaya, anamwendea nani? Jibu likiwa "sote tupo", ujue hakuna mtu. Hatua zifuatazo zinaweka jina la mtu juu ya kila kazi, kuanzia mtoto anapofika ufukweni hadi anaporudi kwao.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Filimbi mbili, moja ikiwa ya akiba.
- Kamba inayoelea, ya mita 20 hivi, iliyofungwa dumu la lita 5. Tia maji kidogo ndani ya dumu ili lirushike mbali, kisha funga kifuniko imara.
- Madumu matupu ya rangi kali, kamba na mawe mazito ya kuwekea mipaka majini.
- Kofia za kuogelea za rangi ya machungwa, manjano au waridi kali.
- Ubao wenye misumari na vibao vidogo vyenye majina ya watoto.
- Jaketi za kuokolea, angalau mbili za saizi ya watoto.
- Sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na kibanio cha kutolea miiba, chupa ya maji ya moto na maji safi ya kunywa.
- Simu yenye chaji na salio, na namba ya nahodha aliye karibu.
- Daftari la matukio. Nunua lenye jalada gumu.

Kuhusu rangi: nguo ya buluu, nyeupe au kijivu hupotea kabisa mtoto anapozama hata nusu mita tu. Wasichana wengi wetu huvaa vazi jeusi la kufunika mwili, nalo halina tatizo mradi limebana na kofia ni ya rangi kali. Dera, buibui na leso zisiingie majini. Hunywa maji, zikawa nzito na kufunga miguu.

## Hatua ya 1: Gawa kazi kwa majina

Kabla mtoto yeyote hajalowa, taja kazi nne kwa sauti, kila moja na mtu wake.

Kocha anafundisha. Mlinzi wa maji anaangalia maji, basi. Hafundishi, hapigi picha, hashiki simu, hazungumzi na wazazi. Mwenye ubao anahesabu wanaoingia na wanaotoka. Mtetezi wa watoto ndiye anayepokea malalamiko na wasiwasi, na hii nitaieleza kwenye hatua ya 8.

Mlinzi wa maji abadilishwe kila dakika 20, maana macho huchoka hata kama mtu mwenyewe hajisikii kuchoka. Anayeondoka haachi kutazama mpaka anayeingia aseme, "Maji ni yangu." Klabu huona haya kuyasema maneno haya mwanzoni. Yasemeni hivyo hivyo.

Kwa wanaoanza, mtu mzima mmoja asichukue zaidi ya watoto wanne. Kwa wanaoogelea vizuri, wanane wanatosha. Mlinzi wa maji hayumo kwenye hesabu hiyo.

*Utajua imefaulu pale* utakapomuuliza mtoto yeyote, "Leo nani anaangalia maji?" naye akamwonyesha mtu kwa kidole bila kusita.

## Hatua ya 2: Chagua maji, na chagua saa

Mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda unaonekana mtulivu kwa juu, lakini chini mkondo unakwenda. Ratiba ya klabu isifuate saa ya ukutani peke yake. Ifuate mwezi.

Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu baada yake, maji hupanda na kushuka karibu mita 3. Kwetu siku hizo maji hujaa takriban kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Sasa fikiria: watoto wanatoka madrasa, wanaswali alasiri, wanafika ufukweni maji yakiwa yamejaa na yamesimama. Kila mtu anafurahi. Baada ya saa moja maji yanaanza kutoka, na mkondo wa kutoka unaelekea kijiji cha Shela na mdomo wa bahari kuu. Mtoto aliyekuwa anaogelea kwa raha saa kumi na nusu, saa kumi na mbili anapiga mikono na hasogei.

Ukali wa mkondo hauko sawa katika muda wote wa saa sita ambazo maji hutoka. Nusu ya maji yote huhama katika saa ya tatu na ya nne. Siku ya bamvua, basi, watoto wawe majini karibu na wakati maji yanaposimama tu, na watoke ndani ya saa moja baada ya maji kujaa.

Siku za maji mafu, karibu na mwezi 7 au 8 na tena 21 au 22, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni ndogo na mkondo ni dhaifu. Hizo ndizo siku za wanaoanza. Wazazi wengi wanaijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu bila kutazama kalenda, kwa hiyo ratiba ya namna hii wataielewa mara moja.

Mambo mengine ya kuangalia:

Upepo wa kusi. Kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, upande wa Shela unaotazama bahari kuu huwa na mawimbi makubwa na mikondo inayovuta nje. Mafunzo yabaki upande wa ndani. Kila mtoto afundishwe kwamba akivutwa nje asipigane na maji: aelee chali, anyooshe mkono juu, na akiweza aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke kwenye mkondo.

Boti. Boti za injini kwenda Shela na kwenye gati la uwanja wa ndege Manda hupita mchana kutwa. Weka mipaka kwa madumu ya rangi, kisha nenda mwenyewe ukawaambie manahodha siku na saa zenu. Dumu peke yake halitoshi, kwani nahodha anaweza kudhani ni alama ya dema au nyavu.

Jua la asubuhi. Mbele ya mji wa Lamu jua huchomoza upande wa Manda, na mng'ao wake juu ya maji huficha kichwa cha mtoto kabisa. Mkifanya mazoezi asubuhi, mlinzi wa maji akae kwenye mashua nje ya mpaka, akitazama nchi kavu, jua likiwa mgongoni mwake.

Kina. Pima kwa mti kila siku, hata pahali mnapopajua, kwa sababu mchanga huhama. Kupiga mbizi kwa kichwa kusiruhusiwe kabisa maji yakiwa yanapungua gatini. Shingo ikivunjika hairudi.

## Hatua ya 3: Mjue mtoto kabla hajaingia

Fomu moja ya karatasi inatosha: jina, umri, namba mbili za simu za nyumbani, nani ameruhusiwa kumchukua, na maradhi. Uliza kwa majina: pumu? kifafa? moyo? sikio? mzio? Ukiuliza tu "ana tatizo lolote la afya?" utajibiwa "alhamdulillahi, mzima", kisha siku moja mtoto anakatwa na pumzi majini na dawa yake iko nyumbani.

Mwenye pumu aweke dawa ya kuvuta kwa mwenye ubao. Mwenye kifafa anaweza kuogelea kwa ruhusa ya daktari, lakini awe na mtu mzima wake peke yake aliye umbali wa kumshika.

Kisha mpime. Usimwamini mzazi anayesema mwanawe ni samaki, wala mtoto mwenyewe. Aingie maji yaliyompita kimo akiwa na mwokoaji pembeni, aibuke, aelee dakika 1, ageuke, aogelee mita 25, atoke bila kusaidiwa. Asiyeweza yote hayo abaki kwenye maji ya kifuani. Usimwaibishe mbele ya wenzake, na mpime tena mwezi ujao.

## Hatua ya 4: Ubao, wenza na filimbi

Kila mtoto ana kibao chenye jina lake kwenye ubao. Akiingia majini anakihamishia upande wa "ndani", akitoka anakirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Rafiki asimrudishie. Kaka asimrudishie. Mfumo mzima unaharibika siku mtoto mmoja anapomsogezea mwenzake kibao ili kumsaidia.

Kila mtoto ana mwenza wa uwezo sawa na wake. Ishara za filimbi ziwe tatu: mlio mmoja, simama utazame; miwili, mshike mwenzako mkono muinue juu; mirefu mitatu, tokeni nyote. Piga miwili kila dakika 10. Hesabu jozi, linganisha na ubao. Hesabu zisipolingana, usianze kujadiliana ni nani aliyekosea. Piga mitatu, watoe wote, mtafute aliyekosekana ukianzia majini, kisha ufukweni.

*Utajua imefaulu pale* jozi zote zinapoinua mikono kabla hujahesabu hadi kumi.

## Hatua ya 5: Namna ya kutazama maji

Hapa pana jambo ambalo hata watu waliozaliwa na bahari hulikosea: mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo wake uko usawa wa maji, pumzi yote inakwenda kwenye kutafuta hewa, na sauti hana. Mikono inasukuma maji chini kwa pembeni, haipungi. Mwili umesimama wima, miguu haipigi, kichwa kimelala nyuma, macho hayatazami kitu. Ukimtazama upesi utadhani anacheza. Anaweza kutoweka ndani ya dakika moja.

Kwa hiyo mlinzi wa maji asisubiri kelele. Atazame upande hadi upande, juu na chini ya maji, akitafuta mtoto aliyesimama wima bila kusonga na mtoto aliyenyamaza ghafla. Akiwa na shaka aite jina. Asipojibiwa mara moja, aende.

Mashindano ya kubana pumzi ni marufuku. Watoto wetu wanayapenda sana: nani atakaa chini zaidi, nani atapita chini ya mashua. Mtoto akivuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama, anapunguza hewa chafu mwilini, ile inayomlazimisha mtu kupumua. Hamu ya kupumua inachelewa huku oksijeni inaisha, na anazimia chini bila dalili yoyote. Anayezimia hivi mara nyingi ni mwogeleaji bora wa klabu. Kocha asitumie zoezi hilo kama adhabu wala kama kipimo cha ushujaa.

## Hatua ya 6: Kuokoa, na dakika za kwanza

Mtu asiruke majini kwanza. Mpangilio ni huu: mnyooshee mti, mrushie dumu lenye kamba, mfuate kwa mashua, na kuogelea kumfuata kuwe mwisho, tena na mwokoaji aliyefunzwa akiwa na kitu cha kuelea mkononi. Anayezama humshika anayemwokoa kwa nguvu zote, na wanaweza kuzama wote wawili.

Akitolewa hana fahamu na hapumui:

1. Mlaze chali pahali pagumu. Mtu mmoja apige simu, mwingine amwite nahodha.
2. Inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo pumzi zinatangulia.
3. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha theluthi ya kifua, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2. Endelea hivyo bila kusimama.
4. Akianza kupumua, mlaze ubavu na umfunike.

Usimning'inize kichwa chini. Usimkamue tumbo. Yote mawili bado yanafanyika kwenye fukwe zetu kwa nia njema, na yote mawili yanapoteza dakika na kumtapisha mtoto matapishi yanayoingia mapafuni. Povu likitoka mdomoni, usihangaike kulifuta. Endelea na pumzi.

Aliyezimia majini, hata dakika moja, apelekwe hospitali hata kama ameamka na anacheka. Vivyo hivyo aliyemeza maji akabaki anakohoa au anapumua kwa shida. Kutoka Shela njia ya haraka ya kufika Hospitali ya King Fahd ni boti, kwa hiyo mafuta na nahodha viwe vimepangwa tangu mwanzo wa mazoezi. Namba za dharura ni 999 na 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Maneno haya hayatoshi kumfunza mtu. Angalau watu wazima wawili wa klabu wapate mafunzo ya huduma ya kwanza kutoka Msalaba Mwekundu au St John Ambulance, na wayarudie kwa vitendo mara kwa mara.

Kwa mwiba wa samaki taa au wa samaki wa mawe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyastahimili, yasiyozidi nyuzi 45, mpaka maumivu yapungue, kisha hospitali. Jaribu maji kwa mkono wako kwanza, maana mguu wenye maumivu hauhisi kuungua.

## Hatua ya 7: Mipaka kati ya mtu mzima na mtoto

Hapa wengi hunyamaza kwa heshima. Kuogelea kuna nguo chache, kuna kushikana, kuna vyumba vya kubadilishia, kuna safari. Kocha anapendwa, na neno lake ni amri. Mtu mwenye nia mbaya huvitafuta vitu hivyo vyote. Sheria zifuatazo ni za kila mtu, hata kocha mnayemwamini kama ndugu, na hata akiwa ndugu kweli.

Hakuna mtu mzima mmoja na mtoto mmoja pahali pa faragha. Kocha akitaka kuzungumza na mtoto, wazungumze wanapoonekana. Mazoezi ya ziada ya mtoto mmoja yafanyike mzazi au mtu mzima wa pili akiwepo.

Kushika ni kwa sababu, kwa ruhusa, mbele za watu. "Nitakushika kiwiko nikuonyeshe, sawa?" Mtoto akisema hapana, onyesha kwa mwili wako mwenyewe. Kukanda misuli si kazi ya kocha wa watoto.

Kubadili nguo. Wasichana na wavulana mbali mbali, mwanamke msimamizi akae nje ya mlango wa wasichana, mwanamume nje ya wa wavulana. Simu isiingie humo. Pasipo na chumba, pazia la turubai linatosha.

Simu na picha. Ujumbe wote upite kwenye kundi la wazazi; kocha asimwandikie mtoto kwa siri. Picha zipigwe kwa ruhusa ya maandishi ya mzazi, watoto wakiwa wamejifunika taulo au wamevaa fulana, na zisitumwe na jina kamili na ratiba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto.

Zawadi na siri. Mtu mzima anayempa mtoto mmoja miwani ya kuogelea, nauli au simu na kumwambia "usiseme" asimamishwe siku hiyo hiyo, maelezo yafuate.

Kila kocha na msaidizi alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi kabla ya kuanza, na atoe majina ya watu wawili wa klabu au shule alikofundisha. Wapigie simu. Cheti kinaonyesha rekodi ya polisi tu, na mengi hayajawahi kufika polisi.

## Hatua ya 8: Mtoto akisema

Klabu iwe na watetezi wawili wa watoto, mwanamke na mwanamume, wasio jamaa wa kocha. Watoto wawajue kwa sura. Namba ya simu ya watoto, 116, ambayo ni bure, iandikwe kwenye ubao ule ule wa vibao.

Mtoto akija, mara nyingi haji na habari nzima. Anasema tu, "Sitaki kuogelea tena," au "Simpendi mwalimu fulani." Keti naye mnapoonekana ila hamsikiki. Msikilize. Usimhoji, usimwambie "una hakika?", usimuahidi siri. Maneno yanayofaa ni haya: "Ahsante kwa kuniambia, mwanangu. Si kosa lako. Nitawaambia watu wachache wanaoweza kukusaidia, nawe nitakuambia ni kina nani."

Ukimaliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa. Mtuhumiwa asiitwe "aje ajieleze" mbele ya mtoto, na asikaribie mazoezi mpaka uchunguzi uishe. Toa taarifa kwa afisa wa watoto au polisi siku hiyo hiyo. Ikiwa mtoto ameingiliwa, apelekwe hospitali mara moja bila kuogeshwa wala kubadilishwa nguo. Dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi.

Watakuja wazee wenye heshima zao na kusema, "Haya tuyamalize nyumbani, tusimvunjie mtu jina." Wajibu kwa adabu, lakini usikubali. Makosa haya yako chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, na hakuna kikao cha familia chenye uwezo wa kuyafuta. Mtuhumiwa akihamishwa kimya kimya, huanza upya kwa watoto wa kisiwa kingine.

*Utajua imefaulu pale* watoto wanapoanza kuleta mambo madogo: kocha aliyetukana, mkubwa aliyemzamisha mdogo kichwa. Ukipita muda mrefu bila lalamiko lolote, waulize tena watoto kama wanawajua watetezi wao.

## Hatua ya 9: Safari ya mashindano

Iwe ni boti kwenda Faza au basi kwenda Mombasa, orodha ya majina isafiri na watu wawili, nakala ibaki nyumbani. Kwenye boti kila mtoto avae jaketi. Kulirundika chini ya kiti si kulivaa. Wasichana wakisafiri, mwanamke msimamizi awepo, bila udhuru. Mtu mzima asilale chumba kimoja na mtoto asiye wake.

Kurudi, mtoto akabidhiwe mtu aliye kwenye fomu tu. Akija mjomba ambaye hayumo, piga simu nyumbani mbele yake na usubiri jibu. Mwenye ubao asiondoke gatini mpaka jina la mwisho liwekewe alama na saa iandikwe kwenye daftari.